Mume Wangu Ameugeuza Uchungu wa Binti Yetu Kuwa Wimbo wa Kwaya

Mshauri wetu,

Pokea salamu, na unisamehe nisipoanza kwa kukusifu kama wafanyavyo wenzangu, maana nina hasira niliyoibeba kwa wiki kadhaa sasa, nakwenda nayo kazini narudi nayo, nikiivua wakati wa kulala naikuta asubuhi imening'inia palepale kitini pamoja na sare yangu. Nina mazoea ya kuandika shajara kila jioni, tarehe juu na mambo yake chini, kwa hiyo nitajitahidi nikueleze kwa mpangilio, ila nikipotoka ujue ni hasira.

Mimi ni mpokeaji wa wagonjwa katika kliniki ya meno. Mume wangu anatengeneza redio na vinanda kwa ajili ya riziki, lakini moyo wake uko kwenye kwaya, yeye ndiye mwalimu wake, nami huimba humo sauti ya pili, na watu wote wanamwita Mwalimu, hata mimi mkewe. Si mlevi, hapigi, halali nje. Ana ugonjwa mmoja tu, hawezi kusikia sauti ya binadamu bila kuirekebisha. Muuza mkaa akipita akinadi, yeye husema, "Yule angeanzia chini kidogo angefika mbali." Tukiongea kwa pamoja mezani, anagonga kikombe kwa kijiko: "Mmoja mmoja, na maneno yatamkwe." Tulizoea, tukawa tunacheka.

Tuna mtoto mmoja, msichana, ambaye tulimpa jina la mama mkwe wangu, kwa hiyo tangu azaliwe baba yake humwita "mama". Bibi yake aliishi nasi na walilala chumba kimoja, kitanda hiki na kile, na kila jioni bibi alimsuka huku akivumisha kwa pua wimbo wake mmoja usio na maneno, ambao hata sisi hatukujua aliutoa wapi. Basi bibi akafariki wakati mtoto yuko bweni kwenye mtihani wa kidato cha nne. Kikao cha ukoo kikakaa, na mume wangu ndiye aliyesimama akasema mtoto asiambiwe mpaka amalize, asije akafeli, na wote wakaona ni busara, tukazika. Mtoto alirudi na begi lake na kitambaa cha kichwa alichomshonea bibi yake shuleni, akapita moja kwa moja hadi chumbani, akakuta godoro la bibi nimelikunja, nimelifunga kamba na kuliweka juu ya kabati. Alisimama mlangoni pale na kile kitambaa mkononi. Hakulia. Kuanzia siku hiyo baba yake akawa anajibiwa "ndiyo, baba" na "hapana, baba", basi, kama mtu anayejaza dodoso. Mimi alikuwa bado anaongea nami jikoni.

Daktari wangu pale kliniki akanielekeza kwa mshauri wa familia anayetumia muziki, kijana msomi, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la miwani. Unavua viatu mlangoni, unakaa kwenye mkeka, katikati kuna sanduku la vyombo, ngoma ndogo mbili, kayamba, njuga, marimba ya mbao. Mume wangu kabla hata hajakaa aligonga marimba mara moja akauliza, "Nani anakutunzia vyombo, kijana? Hii imelegea." Na tulipotoka siku ile alikuwa amekwisha kumbatiza jina, Bwana Kayamba. Lakini kanuni ya kule niliipenda. Aliyeshika ngoma ndogo ndiye anayeanza, wengine wanamfuata, na hakuna kusema neno mpaka aiweke chini. Binti yetu akapiga pigo moja, akanyamaza, akapiga jingine, akanyamaza. Mume wangu akaanza kumjazia pale katikati kwa kayamba.

"Baba, mwache," Bwana Kayamba akasema.

"Namsaidia tu. Mapigo yamemkimbia."

"Hayajamkimbia. Ndivyo anavyotaka yawe."

"Kijana, mimi nafundisha mapigo tangu wewe hujaota meno."

Mara ya pili tulipokwenda ndipo mambo yalipofunguka, na ndiyo maana naumia hivi. Binti alishika ngoma, akaanza kuvumisha kwa pua ule wimbo wa bibi yake, vilevile, hata na ile pumzi ambayo bibi alikuwa akiivuta katikati. Nilimwona mume wangu kichwa kinamwinamia mpaka kidevu kikagusa kifua, nikasema moyoni, leo, leo atalia, Mungu ashukuriwe. Mtoto akautia maneno yake mwenyewe, nayakumbuka yote:

*Nimerudi na begi, bibi yuko wapi?*
*Godoro limekunjwa, nani kalikunja?*
*Mlijua nyote, mkaniacha naandika.*

Akarudia, akarudia tena, akaweka ngoma chini. Mume wangu akainua kichwa, akasafisha koo, akasema, "Mama, pale mwisho umeshuka nusu sauti. Rudia kuanzia *mlijua*."

Mshauri, mtoto alivaa viatu vyake akatuacha pale kwenye mkeka. Mimi nikatazamia Bwana Kayamba amkemee mume wangu, kumbe yeye anatabasamu! Eti, "Huyu baba anajaribu kumkaribia mtoto kwa lugha anayoijua." Na alikuwa amerekodi kwa simu, kwa ajili ya kumbukumbu zake, mume wangu akamwomba amtumie ili tusikilize nyumbani kama familia, naye akamtumia papo hapo, bila kumuuliza mwenye wimbo aliyekuwa bado anashuka ngazi.

Siku zilizofuata mume wangu alikuwa hatoki kwenye kinanda pale sebuleni. Anasikiliza simu, anabonyeza, anaandika. Nikadhani anaomboleza kwa namna yake, nikawa nampelekea chai na kufunga mlango polepole. Kumbe nampelekea chai mtu anayegawa sauti! Nilipofika mazoezini nikapewa karatasi kama wenzangu, juu imeandikwa "Kiti cha Bibi", sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, na maneno ni haya:

*Nimerudi nyumbani, bibi yuko wapi?*
*Kiti chake kitupu, nani atakalia?*
*Mola alijua, akamwita apumzike.*

Tuliporudi nyumbani nikamuuliza, "Mwalimu, godoro liko wapi?"

"Godoro si neno la jukwaani, mke wangu."

"Na 'mlijua nyote'?"

"Wimbo haulaumu watu. Wimbo unafariji."

"Umemuuliza mtoto?"

"Ni zawadi. Zawadi haitangazwi kabla."

Tukaufanyia mazoezi mpaka ukakaa. Siku ya tamasha ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani, na wifi yangu, dada wa mume wangu, akamleta binti na kumkalisha safu ya mbele bila kumwambia kitu. Ulipoanza ule mvumo wa pua, kwaya nzima tunavumisha, nilimwona mtoto anashika kiti kwa mikono miwili. Watu walilia, mshauri. Watu wazima walitoa vitambaa. Tulipomaliza wakasimama wakapiga makofi, na mume wangu akageuka, uso unang'aa, akanyoosha kijiti chake cha kuongozea kwaya kumwelekea binti yetu na kusema kwa sauti, "Simama, mama, wakuone!" Akasimama, kwa sababu ni mtoto mtiifu. Wala hakumtazama sana baba yake, alitazama upande wa kushoto, pale tunaposimama sisi wa sauti ya pili, akatazama kwa muda mrefu, kisha akakaa.

Kesho yake alifunga begi akaenda kwa mama yake mdogo, ambaye ni mdogo wangu. Huko anakula, anafua, anasaidia, lakini akisikia ni mimi kwenye simu anairudisha kwa mama mdogo. Mimi! Mimi niliyekuwa naye jikoni, mimi niliyempeleka kwa mshauri, mimi niliyemtetea mbele ya baba yake! Wifi yangu naye ananichoma, "Wifi, mtoto katungiwa wimbo na baba yake, ukumbi mzima umesimama, sasa anataka nini tena, ateremshiwe mwezi?" Na mume wangu anazunguka nyumbani kama mtu aliyepigwa na mlango, anasema, "Sielewi, niliupanga vizuri sana."

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Jumamosi ijayo kwaya imealikwa kuuimba tena, kwenye mashindano safari hii. Na Bwana Kayamba amepiga simu, amesikia habari za tamasha, amefurahi kupita kiasi, anasema hiyo ni hatua kubwa kwa familia, anataka tumlete binti ofisini na baba aje na kinanda ili tuuimbe pamoja. Je, nimlazimishe mtoto arudi kwenye chumba kile kwa sababu ndiko alikofungua mdomo, au niachane na huo ushauri wao wa ngoma? Nifanye nini na mume ambaye ukimlilia anakupa nota? Na juu ya yote nieleze wewe, kwa sababu nimefikiri mpaka nimechoka: mtoto amenikasirikia mimi kwa kosa lipi?

Ni mimi, ambaye katika nyumba ile sijawahi kusikika wa kwanza,
Mama wa Sauti ya Pili

*

Mama wa Sauti ya Pili,

Pole. Hasira yako ni ya haki, na sitakuambia uimeze. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikiwa nimekaa upande wako, ya pili nikiwa nimekaa safu ya mbele na binti yako, na kutoka pale mbele nimeona vitu ambavyo wewe umevipita mbio kama mtu anayeruka dimbwi.

Tuanze na kijana wa ghorofani. Usiukatae muziki kwa sababu yake. Mtoto aliyefungwa koo akipewa ngoma husema, na wa kwako alisema, tena kwa ufasaha kuliko kikao kizima cha ukoo wenu. Kilichoharibika ni mlango, haukufungwa. Kilichoimbwa mle ndani ni mali ya aliyekiimba. Kumpa baba wimbo ule bila idhini ya binti ni sawa na daktari wako kumng'oa mtu jino kisha akampa jirani yake alivae shingoni. Nenda ofisini kwake, wewe peke yako, kavue viatu kama kawaida, umwambie maneno hayo hayo. Akikuambia tena habari za hatua kubwa, muulize ni nani aliyepiga hatua na alielekea wapi, maana ninayemwona mimi alielekea kwa mama mdogo. Afute alichorekodi mbele yako. Akikubali kosa, huyo bado anafaa, ni kijana, atajifunza. Akikupa maneno ya kitabuni, shuka ngazi, tafuta mwingine.

Mume wako amefiwa na mama yake, na hakuna mahali katika barua yako ndefu ambapo amelia. Aliposikia mvumo ule kichwa kilimwinamia, alikuwa amebakiza kidogo sana, akakimbilia nusu sauti. Namhurumia. Lakini kumhurumia si kumwachia kijiti. Kufuta "mlijua nyote" na kuandika "Mola alijua" si utunzi, ni kukwepa shitaka. Mola hakuhudhuria kikao chenu akasimama kusema mtoto asiambiwe. Alisimama yeye. Binti alimletea baba yake kidonda, baba akakipaka rangi akakipeleka mashindanoni, halafu anauliza kwa nini mtoto hashukuru. Na huyo wifi yako mwambie hatukuomba mwezi, tuliomba godoro.

Haya, sasa wewe, maana umeniuliza na sitakudanganya.

Uliiona karatasi mazoezini. Ulijua wimbo ni wa nani na ulijua ni maneno gani yametolewa. Ulimuuliza mumeo maswali matatu, mazuri sana, akakujibu ovyo mara tatu. Halafu umeandika nini? "Tukaufanyia mazoezi mpaka ukakaa." Nani hao? Ulimwona mtoto anashika kiti kwa mikono miwili, na ulimwona vizuri kwa sababu ulikuwa jukwaani, mdomo wazi, unaimba. Alitazama kushoto kwa muda mrefu, mama. Hakuwa anaitazama sauti ya pili. Alikuwa anakutafuta wewe, akakukuta umo. Kwa baba yake hakuwa na matumaini, kwa hiyo hakupoteza kitu. Kwako alikuwa nayo.

Na kuna la zamani zaidi. Wimbo wa mtoto una swali ndani yake. Nani kalikunja godoro? Aliuliza ofisini akarudia, akarudia tena, na wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka uleule. Umenijibu mimi, mtu wa gazetini nisiyekujua, umeniambia ulilikunja, ukalifunga kamba, ukaliweka juu ya kabati. Yeye hujamjibu hadi leo. Alikuwa akingoja jibu kutoka kwa mama yake, akaletewa besi na sauti ya tatu.

Kwa hiyo, usimlazimishe kwenda popote. Nenda wewe kwa mdogo wako, mchana, peke yako, bila zawadi na bila salamu za Mwalimu. Asipotaka kutoka chumbani, kaa nje ya mlango useme hapohapo: "Godoro nililikunja mimi. Nilijua, na nikanyamaza. Na kwenye kwaya niliimba." Usiongeze "lakini". Najua lipo ulimini, limeze. Kisha mweleze bibi yake alikufaje, nani alikuwepo, nani alimwosha, alivikwa nini, alisema nini mwisho, na kama hakusema kitu umwambie hakusema kitu. Akiuliza, mjibu, asipouliza, ngoja. Akitaka kwenda kaburini mpeleke na kile kitambaa chake, na kwaya ibaki nyumbani.

Kabla ya Jumamosi mwambie mumeo waziwazi kwamba wimbo ule hauimbwi mpaka mwenyewe aruhusu, na kama utaimbwa, wewe hutasimama kwenye mstari. Atakuambia sauti ya pili itapwaya. Ipwaye! Wakimuuliza kwa nini, aeleze. Labda ndiyo itakuwa mara yake ya kwanza kulisema jambo hili bila kinanda.

Na siku binti atakapotaka mwenyewe kurudi kwenye ngoma, baba yake na aje, mikono mitupu, hana kayamba, hana kijiko, hana simu. Asikilize hadi ngoma iwekwe chini. Neno lake la kwanza lisihusu sauti. Kama hana neno, alie, hilo halihitaji mazoezi.

Unasema katika nyumba ile hujawahi kusikika wa kwanza. Safari hii lazima uanze wewe, kwa sababu mtoto ameshaanza mara tatu na hakuna aliyemfuata. Na leo ukitoka kazini, kabla hata hujavua hiyo sare, panda kiti, lishushe lile godoro, fungua kamba, ulitandike kitandani pa bibi. Akirudi asikute mlango wa chumba kile ukimuuliza swali lilelile.